Mwongozo kwa Anayetarajia Kugongwa Kipawa

Kabla ya yote, chagua gari. Watu wengi hulipuuza hili. Wanakatiza Barabara ya Nyerere pale Kipawa na haraka zao, wanagongwa na chochote kilichowahi kufika, halafu wakishatolewa nyuzi ndiyo wanaanza kuulizia mambo ya fidia. Mwongozo huu unakushauri ugongwe na gari lenye bima hai, lenye kadi iliyoandikwa jina la anayelimiliki leo na siyo la mtu aliyeliuza zamani kwa mkataba wa mkono bila kwenda TRA kubadili jina. Tena liwe linaendeshwa na dereva aliyeajiriwa, siyo deiwaka aliyeachiwa usukani tripu mbili ili suka mwenyewe akale ugali. Ukiona linakuja la hivyo, shukuru. Ukiona siyo, rudi pembeni usubiri.

Bodaboda usiitamani kabisa. Nyingi bima yake iliisha mwaka ule ule ilipotoka dukani. Dereva yuko kwenye mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na tajiri akipigiwa simu atasema pikipiki alishaiuza. Halafu dereva mwenyewe kavunjika mguu, mmelazwa wodi moja, kitanda cha tatu kutoka chako, na mama yake kila asubuhi anapoleta uji anakumiminia na wewe kikombe. Hebu jaribu kumshitaki mtu ambaye uji wa mama yake uko tumboni mwako.

Gari la serikali nalo lina itifaki yake. Ukiona namba za STK zinakujia, ujue safari yako ni ya Mahakama Kuu, na kabla ya kufika huko sheria inataka uipe serikali notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Unaipa taarifa rasmi kwamba imekuumiza, halafu unaipa miezi mitatu ya kuitafakari.

Na kama umeumia kiwandani, maana kuanzia Vingunguti mpaka TAZARA mashine hazikosi, karibu usingeuhitaji mwongozo huu. Tangu Julai 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na mshahara wako haukatwi hata senti. Unatoa taarifa kwa mwajiri, mwajiri anapeleka kwenye Mfuko, daktari anapima ulemavu, unalipwa. Humo hakuna haja ya kuthibitisha nani alizembea, na kwa kawaida hakuna haja ya wakili. Tatizo ni moja tu: utaambiwa na msimamizi wa zamu kwamba vibarua hamumo. Mumo. Ila mpaka ugundue hivyo utakuwa umeshakutana na yule kijana wa begi, na sasa tumfikie yeye.

*

Anayefika kwanza kitandani kwako siyo wakili. Hiyo ishike hata ukisahau mengine yote.

Kijana huyu utamtambua kwa upole wake. Ana shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama, begi la ngozi ya plastiki, bahasha ya kaki, na kalamu tatu mfukoni ambazo mbili hazina wino. Jina lako analijua kabla hujamwambia. Amelipata kwa mtu aliye karibu na kitabu cha majeruhi, iwe kituoni au mapokezi, na wewe huwezi kujua ni wapi. Anakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

“Shikamoo mama. Pole sana. Mungu mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Ahsante.”

“Mimi ni mwanasheria. Nimesikia yaliyokukuta roho imeniuma, nikasema siwezi kulala. Hii ni haki yako, mama, na hawa watu wa mabasi…”

Hapo ndege inapita. Anayeishi Kipawa amezoea: maongezi yote hukatika katikati, kila mtu hubaki na mdomo wazi mpaka tumbo la ndege limalizike juu ya mabati, kisha sentensi huendelea pale pale ilipoachwa. Kijana huyu kapata faida katika desturi hiyo. Anausubiri mngurumo uishe, anainamisha kichwa, kisha anaitaja hesabu katika ule ukimya unaofuata: milioni 80. Ukweli ni kwamba hesabu yoyote ikitajwa baada ya ndege kupita inasikika kubwa.

Atakwambia pia kwamba ndiye aliyeshughulikia fidia za uwanja wa ndege. Hapo anajua anachokifanya. Kipawa na Kipunguni ni sehemu ambazo watu walifanyiwa tathmini ya nyumba zao mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja, na wapo waliozeeka wakilifuatilia lile faili. Jengo la Tatu la Abiria lilizinduliwa Agosti 2019, linang'aa, na ng'ambo ya uzio bado kulikuwa na familia za Kipunguni zinauliza malipo yao yamefikia wapi. Mtu aliyekulia katika hali hiyo ana imani mbili kwa wakati mmoja: kwamba fidia ipo mahali fulani, na kwamba haitoki bila mtu anayejuana na watu. Kijana wa begi kaja kukwambia yeye ndiye mtu huyo.

Anataka vitu vitatu. Cha kwanza, sahihi yako kwenye karatasi ambayo sehemu yake ya juu haijaandikwa kitu. Cha pili, hela kidogo ya kufungulia faili na nauli ya kwenda mjini. Cha tatu, na hiki ndicho hasa alichokifuata, PF3 yako halisi. Fomu hiyo ya polisi uliyokwenda nayo hospitali, daktari akaijaza majeraha yako na kuigonga muhuri, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kesi yako. Akiondoka nayo kwenye bahasha ya kaki, kesi imehama makazi. Ataizungusha kwa watu, na mwisho wa yote inawezekana kabisa mtu akalipwa kwa ajili ya mguu wako, na mtu huyo asiwe wewe.

Mtaani anaitwa kishoka. Jina hili tumewapa mafundi umeme wanaounganisha nyaya usiku, na wanasheria wa aina hii wamelirithi kwa haki kabisa. Chama cha mawakili cha Tanganyika, TLS, kimekuwa kikiwapigia kelele miaka nenda miaka rudi. Namna ya kumpima ni nyepesi mno kiasi kwamba watu huona aibu kuifanya. Mahakama ina mfumo wake unaoitwa e-Wakili, uko wazi kwa kila mwenye simu ya intaneti. Unaandika jina, unaona kama mtu huyo yumo kwenye orodha ya mawakili na kama cheti chake cha kufanya kazi ni cha mwaka huu. Cheti huhuishwa kila mwaka. Wakili asiyehuisha ni kama dereva mwenye leseni iliyokwisha, anaweza kujua kuendesha lakini trafiki hataki kulijua hilo. Ukimwambia kijana wa begi, “Ngoja mwanangu nikuangalie kwenye simu,” atakumbuka ana mgonjwa mwingine wodi ya juu.

*

Sasa wakili wa kweli. Huyu hakufuati. Kanuni za maadili ya kazi yake zinamkataza kuwinda wateja, na hata kujitangaza kwake kuna mipaka. Kule Marekani wakili wa majeruhi ana picha yake juu ya barabara kuu, kakunja mikono, namba ya simu kubwa kuliko kichwa chake, na ahadi kwamba usiposhinda humlipi. Kipawa hutamuona hivyo. Utaona kibao cha rangi ya bluu kilichochubuka, kimeandikwa WAKILI, NOTARI NA KAMISHNA WA VIAPO, na mshale unaoelekeza ngazi za nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini kuna wakala wa pesa za simu na steshenari ya kutoa kopi. Kaa uzifahamu ngazi hizo, maana utazipanda na magongo.

Historia yake ni fupi kusimulia na ndefu kuishi. Kasoma shahada ya sheria, labda Mlimani, labda kwingine. Akamaliza akidhani kamaliza. Kisha akapelekwa Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambako kila anayetaka uwakili hupitishwa kwenye tundu la sindano. Mwaka 2022 nchi nzima ililisikia tundu hilo lilivyo: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wabunge walichachamaa, waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Kwa hiyo ukimuona wakili kijana ana macho ya mtu aliyeshuhudia ajali, usifikiri ni huruma kwako. Kashuhudia ya kwake.

Baada ya hapo aliapishwa mbele ya Jaji Mkuu, kavaa joho na zile tai nyeupe mbili za shingoni, mama yake kaja na khanga mpya na mashangazi wakapiga vigelegele. Picha ya siku hiyo iko ukutani nyuma ya kiti chake. Ichunguze unaposubiri. Siku ile alidhani atakuwa anatetea katiba. Leo asubuhi kagonga muhuri viapo vinne vya watu waliopoteza vyeti vya kidato cha nne, kasuluhisha mpaka wa kiwanja Majohe, kamsikiliza bwana mmoja anayetaka talaka lakini hataki mkewe ajue. Wewe na goti lako ni wa saba. Wakili wa ajali tu, asiyefanya kingine, kwa huku hayupo. Mtu hawezi kulipa pango kwa magoti peke yake. Akikwambia ni mbobezi wa ajali, muulize kesi ya mwisho aliyoimaliza, siyo aliyoifungua. Kufungua wanafungua wengi.

Sasa angalia anavyokupokea.

“Shikamoo mama. Karibu, kaa hapo. PF3 iko wapi?”

“Marahaba baba. Ninayo kopi.”

“Halisi?”

“Alichukua yule kijana…”

Hapo ataweka kalamu chini na kuvua miwani. Hajakupa pole. Hajauliza kama unalala usiku. Utajisikia vibaya, utamkumbuka yule wa begi ambaye alikaribia kulia. Huu ndio wakati hatari kuliko wakati wowote katika kesi nzima, kwa sababu wengi hunyanyuka hapa, wakashuka ngazi, wakaenda kutafuta mwenye huruma. Kaa. Mtu anayekuuliza karatasi kabla ya maumivu anafikiria habari ya hakimu, na hakimu hataliona goti lako siku lilipokuwa kama boga. Ataona karatasi, miaka miwili baadaye, wewe ukiwa umeshaanza kuchechemea kwa mazoea.

Swali la pili litakushangaza zaidi: “Dereva alishitakiwa? Kesi ya trafiki iliishaje?”

Hapa mwongozo utakaa kidogo, kwani ndipo watu wanapomalizwa. Ajali ikitokea, trafiki hupima, huchora mchoro, dereva huandikiwa kosa la kuendesha kwa uzembe na kupelekwa mahakamani. Wewe uko hospitali umening'inizwa mguu. Siku ya kesi dereva anakubali kosa, anatozwa faini, kondakta anachanga na mwenye gari anamalizia, saa tano asubuhi suka yuko barabarani anawahi abiria wa Gongo la Mboto. Watu wa nyumbani wakisikia hukasirika: faini tu? Hukasirikia kitu kisicho. Ile faini si yako na haikuwa iwe yako. Chako ni karatasi ya hukumu. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai inayomtia mtu hatiani ni ushahidi kamili kwamba alitenda kosa hilo. Maana yake ukifungua madai, dereva hawezi kuja kukwambia ulijirusha. Alishakubali. Nakala ya hukumu hiyo, pamoja na fomu za polisi ambazo kampuni za bima hupenda kuziita kwa namba, PF90 na PF115, na ule mchoro, ndiyo nyumba nzima. Wakili wa kweli atamtuma karani wake akaifuate. Kijana wa begi hata hajui kwamba kulikuwa na kesi.

Kuna dawa moja tu inayoweza kuiua karatasi hiyo kabla haijazaliwa, nayo inaitwa tumalizane.

Tumalizane huja na watu wazima. Mwenye gari anafika nyumbani jioni na mjumbe, na mzee mmoja wa msikitini au kanisani kwenu, na mfuko wa machungwa. Anaitwa bosi hata kama ana daladala moja ya mkopo. Anasema gari ndilo linalolisha watoto, likikaa kituoni wote tunaumia, tuongee kiutu uzima. Laki tatu zinawekwa juu ya stuli. Shemeji yako, ambaye hakugongwa, anasema ni mtu mwungwana huyu. Mnaandikishiana kwamba mmesameheana na hamdaiani tena, mashahidi wanaweka dole gumba, mnakwenda wote kituoni kusema mmeelewana. Ni jambo zuri la kibinadamu na sitalicheka. Ila hesabu kwanza. Laki tatu inatosha kama umechubuka. Kama daktari ametaja chuma, upasuaji wa pili, na neno “kliniki” bila kutaja mwisho wake, basi uungwana huo utakula wewe mwenyewe. Pokea machungwa. Stuli iache kama ilivyo mpaka kesho.

*

Kuhusu risiti. Wanasheria wote nchini wanaijua kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya mwaka 1992, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kwa ufupi kwamba hasara mahususi lazima itajwe kwa hesabu na ithibitishwe. Tangu hapo maisha ya majeruhi yamekuwa ya karatasi. Dawa, risiti. Picha ya eksirei, risiti. Bajaji kutoka Karakata hadi kliniki na kurudi, kila wiki, miezi saba: risiti. Jaribu kumuomba dereva wa bajaji risiti. Atakuangalia kwa huruma uliyoitafuta kwa wakili ukaikosa. Fundi mifupa aliyekukanda kwa mafuta ya mbuni naye hatoi risiti, na hata akitoa sikushauri uipeleke. Andika kwenye daftari kila siku, tarehe na kiasi, mwombe dereva aweke sahihi na namba yake ya simu. Siyo dawa kamili lakini wakili ataweza kulishika daftari na kusema kitu. Maumivu, usingizi uliopotea, aibu ya kuogeshwa na mkwe, hayo yanaingia kwenye fidia ya jumla, na kiasi chake kiko kwenye busara ya mahakama. Hapo ndipo milioni 80 za kijana wa begi zilipotoka. Alizichota kwenye busara ya mtu mwingine.

Katika hatua hii hujitokeza ndugu aliye Houston. Kila ukoo unaye. Anapiga simu usiku, anauliza kwa nini hamjashitaki kwa mabilioni, kule mwanamke alimwagikiwa kahawa tu akalipwa. Ni kweli: mwaka 1992 huko Albuquerque bibi wa miaka 79, Stella Liebeck, aliungua na kahawa ya McDonald's, na mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama likampa karibu dola milioni 2.9. Anachosahau ndugu yetu ni kwamba bibi yule aliungua mpaka akapandikizwa ngozi, kwamba jaji alipunguza hesabu ile ikabaki kama dola laki 6 na elfu 40, na kwamba mwishowe walipatana nje ya mahakama. Mshukuru kwa kupiga, muombe hela ya kliniki. Huo ndio mchango wa kisheria anaouweza kutoka alipo. Wala huna haja ya kwenda mpaka Marekani kuona mambo haya yakipindukia. Hapo jirani Kenya kesi za ajali zilistawi mpaka Bunge likaweka ukomo, shilingi milioni 3 za Kenya kwa madai ya mtu mmoja kwenye bima ya lazima, na kampuni ya bima ya United Insurance iliwekwa chini ya uangalizi mwaka 2005.

Muda. Mtaani utaambiwa kesi haiozi. Inayosemwa hivyo ni jinai. Madai ya kuumizwa yanaoza, tena yana tarehe: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inakupa miaka mitatu. Inaonekana mingi. Mwaka wa kwanza unaumwa. Wa pili unamsubiri kijana wa begi, ambaye kila ukipiga simu yuko Dodoma. Wa tatu unakwenda kijijini kupona, unarudi ukiwa umenenepa na madai yako yamekufa. Wakili mzuri hukuuliza tarehe ya ajali mara mbili, mwanzo wa maongezi na mwisho, na huiandika kwenye jalada la faili kwa kalamu nyekundu.

Kama mwenye kugongwa amefariki, Mungu amrehemu, usianze na wakili wa ajali wala bima. Anza na kikao cha familia, muhtasari wenye sahihi, na msimamizi wa mirathi. Kwa Dar es Salaam mtaelekezwa Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke. Bila barua ya usimamizi hakuna atakayewasikiliza, na kikao hicho kitawaonesha ndugu ambao hamkuwahi kuwaona msibani.

*

Bei. Uliza siku ya kwanza. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, yenye viwango, na hakuna ubaya wowote kuitaja kwa sauti. Atakayekwambia “usijali mama, tutaelewana mbele ya safari” anakutakia mema, lakini safari yenyewe atakuwa dereva yeye. Maelewano yaandikwe, uchukue nakala, na kila unachotoa upewe risiti, kwa sababu wewe sasa ni mtu wa risiti. Kuhusu hati ya madai, mkomalie mpaka akusomee yote kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria yenyewe imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo kisingizio kimekwisha. Utashangaa ni mara ngapi mguu wa kushoto huwa wa kulia kwenye karatasi.

Kisha utaanza kwenda mahakamani, na huko utajifunza kuna siku ya kutajwa na siku ya kusikilizwa. Siku ya kutajwa unapanda magari mawili, unakaa kwenye benchi, jina linaitwa, unasimama, unaambiwa tarehe nyingine. Beba maji. Wakili wako na wakili wa upande wa pili wataitana “msomi mwenzangu” na kucheka pamoja koridoni. Usiumie, walisoma darasa moja, na kicheko hicho ndicho siku moja kitakachozaa pendekezo la kupatana. Mahakama hupenda mpatane, na hutenga kikao cha usuluhishi kabla ya kusikiliza. Bima isipojibu madai kabisa, yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, na pale TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaweza kuhakiki kama bima ya gari hilo siku ya ajali ilikuwa ya kweli au ilitoka steshenari.

Pendekezo la bima likija litakuja na fomu. Aya ya mwisho, herufi ndogo, inasema kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho, na hutadai tena kitu chochote kwa yeyote kuhusu ajali hii. Wasemavyo mapokezi ni kwamba unasaini kupokea hundi tu. Unasaini kuuza goti. Inawezekana bei ni nzuri; mara nyingi milioni chache za leo zina faida kuliko nyingi za rufaa, na wakili mwenye akili atakwambia hivyo hata kama malipo yake yatapungua. Muulize tu swali moja kabla hujashika kalamu: upasuaji wa pili umo humu au haumo? Akijibu haraka bila kufungua faili, mwambie alifungue.

Usipokubali pendekezo, ukaenda mpaka mwisho, ukashinda, utapewa hukumu iliyogongwa muhuri, na ndugu watakupigia kukuuliza umepanga kununua nini. Kama gari lilikuwa na bima, subiri, kampuni inabanwa na sheria kulipa hukumu ya namna hiyo. Kama halikuwa nayo, na ndiyo maana tulikwambia mwanzo uchague vizuri, utaanza shughuli ya kukazia hukumu. Utalitafuta basi likamatwe na dalali wa mahakama, ukute limeuzwa kwa mkataba wa mkono, limepakwa rangi nyingine, linapiga njia ya Mbagala, na kadi bado ina jina la marehemu fulani wa Tanga. Shughuli hiyo ina mwongozo wake, mnene kuliko huu, na aliyekuwa akiuandika bado yuko mahakamani.